Kutua Kwanza, Kuruka Baadaye: Mazoezi ya Neva na Misuli kwa Timu za Shule

Mfungaji wetu wa netiboli, msichana wa kidato cha tatu, alidaka pasi hewani, akatua kwa mguu wa kulia, na goti likaingia ndani. Hakuguswa na mtu. Beki wa wapinzani alikuwa hatua mbili nyuma yake. Tuliokuwa pembeni ya kiwanja tulisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinapovunjwa, kisha akaketi chini na kuniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, goti limeachia." Jioni ile goti lilikuwa limevimba hata kukunja hawezi. Hakucheza tena mpaka alipomaliza shule.

Kwa miezi mingi nililaumu kiwanja, kwa kuwa viwanja vingi vya shule hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni udongo mwekundu uliokauka, na kijiwe kimoja kinatosha kumwangusha mtu. Lakini kiwanja kilikuwa kilekile miaka yote. Nilipokaa na kufikiri kwa uaminifu, niliona kosa langu: nilimfundisha kuruka kwa miaka mitatu, na sikumfundisha kutua hata siku moja. Na netiboli ni mchezo usiosamehe kutua vibaya. Ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Unausimamisha mwili wako papo hapo, mara nyingi kwa mguu mmoja, kisha una sekunde tatu tu za kuuachia mpira. Kasi yote uliyokuja nayo inaishia gotini.

Mwongozo huu ni wa kocha au mwalimu wa michezo mwenye wachezaji thelathini, filimbi moja, mipira miwili na saa moja na nusu kabla ya giza. Nimeutumia kwa netiboli na kwa mpira wa miguu, na chini nitasema kidogo kuhusu wakimbiaji pia.

Kinachofundishwa hasa ni nini

Msuli peke yake haujui kitu. Unasubiri amri. Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka kwa uti wa mgongo, inaufikia msuli kwa neva, na kila neva ya amri inashika kundi lake la nyuzi za msuli. Ukinyanyua jerikeni tupu, makundi machache yanaitwa kazini. Likijaa maji, yanaitwa mengi zaidi, na yanaitwa kwa kasi zaidi. Pia kuna habari zinazorudi juu. Ndani ya misuli, kwenye kano na kwenye ligamenti (nyuzi imara zinazofunga mfupa na mfupa kwenye kiungo) kuna vihisio vinavyoueleza mwili kila dakika goti limekunjika kiasi gani, kifundo cha mguu kimelalia upande gani, msuli unavutwa kwa kasi gani. Ndiyo sababu unaweza kutembea gizani kwenye ua wa kwenu bila kuanguka.

Mazoezi ya neva na misuli ni kuifundisha njia hiyo yote, kwenda na kurudi. Ukimwanzisha mtu mazoezi ya nguvu, utaona ananyanyua zaidi baada ya wiki tatu au nne na paja lake bado ni lilelile. Msuli haujapata muda wa kunenepa. Neva ndizo zilizojifunza kuita makundi mengi kwa pamoja, na kuutuliza msuli wa upande wa pili usiwe breki.

Sasa jambo ambalo lilinifungua macho. Ligamenti ya mbele ya goti inapokatika wakati wa kutua, hukatika mapema mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde tangu mguu uguse ardhi. Mtu hawezi kuona, kuamua na kurekebisha katika muda huo. Ukipiga kelele "Angalia goti!" umeshachelewa, na yeye pia ameshachelewa. Misuli ya paja na nyonga inatakiwa iwe imekaza kabla mguu haujafika chini, na hilo haliji kwa kufikiri, linakuja kwa kurudia tendo sahihi mara nyingi mpaka mwili ulifanye wenyewe. Lakini neva hazichagui. Zinajifunza unachorudia, kizuri na kibaya. Mchezaji akirudia kutua vibaya mara mia, ameshika somo baya mara mia. Kila hatua iliyo hapa chini imejengwa juu ya jambo hilo.

Na faida haiishii kwenye kuzuia majeraha. Timu inayofanya kazi hii vizuri huongeza urefu wa kuruka, kasi ya mita chache za mwanzo, wepesi wa kugeuka na uimara wa kusimama kwa mguu mmoja. Pumzi haiongezeki sana kwa mazoezi haya, hiyo bado unaitafuta kwa kukimbia. Lakini mwili unaojua kutumia nguvu yake hupoteza kidogo, na anayepoteza kidogo huchelewa kuchoka.

Kama mwalimu mkuu atakuuliza ushahidi, mweleze kuhusu FIFA 11+, programu ya kupasha mwili ya dakika 20 yenye mazoezi 15 ya kukimbia, nguvu, kuruka na mizani. Nchini Norway ilijaribiwa kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008: majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Lagos, Nigeria, uliochapishwa mwaka 2014, kwa sababu wale ni vijana wanaofanana na wetu. Timu 20 za wavulana wa miaka 14 hadi 19 ziligawanywa, na zilizotumia programu hiyo ziliumia pungufu kwa asilimia 41.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujafundisha

Chukua daftari, kila mchezaji apewe mstari wake. Usiruke hatua hii kwa sababu ya haraka, maana bila namba za mwanzo utabaki kusema "naona wameimarika" na hakuna atakayekuamini, hata wewe mwenyewe.

Kuruka juu: mchezaji apake chaki kwenye vidole, asimame kando ya ukuta, aguse juu kadiri anavyofika, kisha aruke na kugusa tena. Pima kati ya alama mbili. Mara tatu, andika kubwa.

Kuruka kwa mguu mmoja: aruke mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huohuo, asimame bila kuyumba kwa sekunde mbili. Asipotulia, haihesabiwi. Linganisha miguu. Kama mguu wa kulia unafika sentimita 150 na wa kushoto 130, wa kushoto una asilimia 87 ya mwenzake. Mimi nataka angalau 90.

Kunyoosha mguu mbele: asimame kwa mguu mmoja, kidole gumba kwenye mstari, mikono kiunoni, mguu mwingine uende mbele taratibu ukigusa ardhi kidogo bila kuuwekea uzito, kisha urudi. Pima umbali alipofika, kila mguu. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wachezaji wa kikapu wa sekondari ulionyesha kuwa wenye tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya miguu walikuwa na hatari ya kuumia miguu mara mbili na nusu ya wenzao. Kwangu hiki ndicho kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa gharama ya futikamba tu.

La mwisho, na usikose hili, mtazame akitua. Tafuta benchi fupi la sentimita 30 hivi. Usipange matofali, yanateleza. Ashuke, atue kwa miguu miwili na papo hapo aruke juu. Weka simu mbele yake, mita tatu, kwenye kimo cha magoti, na umrekodi. Kisha tazama video polepole. Je, magoti yanakaribiana wakati wa kutua? Je, mguu mmoja unagusa kabla ya mwingine? Je, anatua amesimama wima kama nguzo? Je, unasikia kishindo? Mwaka wa kwanza nilipofanya hivi, zaidi ya nusu ya wasichana wangu walikuwa wakigonganisha magoti. Nilikuwa nao kila jioni na sikuwa nimeliona.

Wasichana wanahitaji jicho la karibu zaidi. Katika michezo ya kuruka na kugeuka, ligamenti ya mbele ya goti hukatika kwa wasichana mara nyingi kuliko kwa wavulana, na pengo hilo huanza kuonekana wakati wa balehe, mwili unapokua kwa haraka na uzito kuongezeka kabla misuli ya nyonga haijaweza kuubeba. Kwa hiyo umri mzuri wa kuanza ni miaka 11 au 12, na mwalimu wa shule ya msingi anaweza kutuokoa sisi wa sekondari kazi kubwa.

Hatua ya pili: panga muda na kiwanja

Siku tatu kwa wiki, na angalau siku moja ya kupumzika kati yake. Ukishindwa, mbili. Chini ya mbili usitarajie mabadiliko. Kila mara dakika 20, na ziwe za mwanzo wa mazoezi, baada ya kukimbia taratibu dakika tano au nane. Zisiwe za mwisho. Najua mazoea yetu ni kumaliza na kuruka-ruka wakati watoto wamechoka hoi, tukidhani tunawapa moyo wa kishujaa. Mtu aliyechoka hutua vibaya, na neva zake hushika huko kutua vibaya.

Angalia pia wametoka wapi. Kama wamekula posho (ugali) na maharage saa saba mchana, kisha wakachota maji na kufyeka nyasi, hawako wapya saa kumi na nusu jioni. Siku hiyo punguza kuruka, fanya mizani na nguvu.

Kwa kiwanja, waambie watembee mstari mmoja wakiokota mawe, vifuniko vya soda na mifupa. Dakika mbili zinatosha. Tafuta sehemu yenye nyasi fupi kwa ajili ya kuruka, na kama hakuna, ruka kidogo zaidi kuliko nilivyoandika. Vifaa ni chaki au majivu ya kuchora mistari, kamba, na majerikeni ya lita tano. Jerikeni la lita tano likijaa maji lina uzito wa kilo tano na ushee, kwa hiyo duka la vyuma la mjini halikuhusu. Wenye viatu wavae viatu, wasio navyo wafanye kwenye nyasi.

Hatua ya tatu: fundisha kutua

Wiki mbili za kwanza kazi kubwa ni hii, na ni hapa ninapokaa muda mrefu kuliko makocha wengi.

Katika timu yangu kuna Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wanubi, na watoto waliotoka Kongo na Sudan Kusini. Kiswahili cha sokoni ndicho kinachotuweka pamoja kiwanjani, kwa hiyo amri zangu ni fupi na ni tatu tu.

"Kimya!" maana yake ardhi isisikie umefika. Neno hili moja linafanya kazi kuliko maelezo ya dakika kumi kuhusu viungo, kwa sababu mtu akitafuta ukimya hujikuta anakunja goti, nyonga na kifundo bila kuambiwa.

"Kigoda!" maana yake kaa kama unatafuta kigoda nyuma yako. Makalio yanarudi nyuma, kifua kinainama kidogo mbele, na kazi inahamia kwenye misuli mikubwa ya nyonga na ya nyuma ya paja, badala ya kuliachia goti peke yake.

"Ganda!" maana yake baki hapohapo sekunde tatu. Katika kuganda ndipo unapopata muda wa kutazama kama magoti yanaelekea vidoleni au yameangukia ndani.

Mpangilio ni huu, na usimpeleke mtu mbele kabla hajaimudu ngazi aliyopo. Kuchuchumaa bila kuruka, mara kumi, seti mbili. Kisha kuruka kidogo palepale na kuganda, mara tano, seti mbili. Kisha kuruka mbele na kuganda. Kisha kuruka upande, kuvuka mstari wa majivu, na kuganda. Halafu kuruka na kugeuka robo duara hewani. Yote hayo kwa miguu miwili. Ndipo mguu mmoja, ukianza tena na mruko mdogo sana, wa sentimita 20 au 30 tu.

Wiki ya tatu ingiza mpira. Mwenzake amrushie juu, adake, atue kimya, agande, kisha apige pasi. Hapo utaona maajabu: mchezaji aliyekuwa akitua vizuri kabisa anasahau kila kitu macho yakienda kwenye mpira. Usikasirike. Ndiyo kazi yenyewe inaanza, kwa kuwa kwenye mechi macho yake yatakuwa kwenye mpira kila mara. Wapange wawili wawili, mmoja afanye na mwingine atazame magoti na kusema ukweli. Wanaotazama wanajifunza karibu sawa na wanaofanya.

Kwa wanaogonganisha magoti sana, funga kamba ya mpira wa baiskeli kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, wachuchumae wakiisukuma kwa nje. Wataihisi misuli ya pembeni ya nyonga ikiwaka, na wengi watakuambia hawakujua kwamba ipo.

Hatua ya nne: nguvu

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa mazoezi yenyewe yanajulikana. Hatua ndefu ya mbele na kushuka, mara nane kila mguu. Kusimama kwa mguu mmoja na kuinama mbele ukishika jerikeni, mgongo ukiwa umenyooka, mara nane. Kunyanyua visigino kwa mguu mmoja, mara 12. Kujilaza kama ubao juu ya viwiko, kisha kwa ubavu, sekunde 20 hadi 30. Seti mbili za kila moja.

Zoezi moja nalisemea peke yake. Mchezaji apige magoti kwenye nyasi, mwenzake ambane vifundo vya miguu kwa nguvu, kisha aanguke mbele polepole akiwa amenyooka kuanzia magoti hadi kichwani, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ishindwe, ndipo ajidake kwa mikono. Timu zinazolifanya zoezi hili mara kwa mara hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu, na hakuna zoezi lingine lisilohitaji kifaa ninaloliamini zaidi kwa wachezaji wa mpira wa miguu. Lakini anza na mara tatu hadi tano, seti moja. Mara saba hadi kumi ni za baadaye. Siku mbili baada ya mara ya kwanza watatembea kama wazee, kwa hiyo usilianze wiki ya mechi.

Hatua ya tano: mizani yenye usumbufu

Kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30 ni mwanzo tu. Goti likunjike kidogo, mikono iwe huru. Akiweza, afumbe macho. Akiweza hilo, warushiane mpira wote wawili wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja. Mwisho, mwenzake amsukume kidogo begani au kiunoni bila kumwambia ni lini. Msukumo uwe wa kumyumbisha tu, asimwangushe. Mwili unajifunza kujirudisha kabla akili haijajua kilichotokea, na vifundo vya miguu ndivyo vinavyofaidika zaidi. Ukiwa na mchezaji aliyewahi kuteguka kifundo, huyu afanye hata nyumbani, kila siku, akipiga mswaki. Kifundo kilichoteguka mara moja hupoteza hisia zake za mahali kilipo, na ndiyo maana kinateguka tena.

Hatua ya sita: mruko wa chemchemi

Wiki ya tano ndipo ninaporuhusu kuruka mfululizo bila kuganda. Msuli na kano vikivutwa kwa haraka na kuachiwa papo hapo vinarudisha sehemu ya nguvu, kama manati. Ukichelewa chini, nguvu hiyo inapotea. Kwa hiyo amri inabadilika: sasa ni "Ardhi ina moto!"

Anza na kuruka-ruka kwa vifundo, magoti yakiwa karibu kunyooka, mara kumi. Kuruka kamba kunafaa sana, na watoto wanakujua tayari. Kisha mruko wa upande kwa upande juu ya mstari. Kisha hatua za kurukaruka mbele, mguu mmoja baada ya mwingine, mita 20. Hesabu kila mguso wa ardhi. Kwa anayeanza sipitishi 60 kwa siku, na baada ya wiki nane hufika 100. Ukisikia vishindo vimerudi, simamisha, hata kama umefika 30. Kuacha mapema hapa si uvivu.

Usiwape kunyoosha misuli kwa kukaa muda mrefu kabla ya kuruka. Hilo liwe mwisho wa mazoezi.

Hatua ya saba: kusimama na kugeuka

Majeraha mengine huja wakati wa kufunga breki na kukata kona. Wakimbie mita kumi, ukipiga filimbi wasimame kwa hatua fupi tatu au nne, makalio chini. Watu wengi hutaka kusimama kwa hatua moja ndefu, mguu umenyooka mbele yao, na hapo ndipo goti linapoumia. Baada ya hapo weka majerikeni matatu kwa umbo la herufi Z, wageuke kila moja kwa kusukuma ardhi na mguu wa nje, kifua kikielekea wanakokwenda. Wiki ya sita usiwaambie wageuke upande gani mpaka wamebakiza hatua mbili, onyesha kwa mkono.

Kwa wakimbiaji

Watu wa mbio ndefu huniambia haya ni mambo ya timu za mpira. Si kweli. Mwaka 1999 watafiti wa Ufini walichapisha jaribio la wakimbiaji waliokuwa tayari wazuri: kwa wiki tisa karibu theluthi ya muda wao wa mazoezi iligeuzwa kuwa mbio fupi za kasi, miruko na uzito mwepesi unaonyanyuliwa haraka. Uwezo wao wa kuvuta oksijeni haukuongezeka, lakini muda wao wa kilomita 5 ulishuka kwa takriban asilimia 3. Kwa kijana anayekimbia dakika 17, hizo ni kama sekunde 30. Miguu yao ilijifunza kukaa ardhini muda mfupi zaidi kwa nguvu ileile.

Uganda tunajivunia pumzi ya watu wa mlima Elgon, na tuna haki. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 pale Valencia mwaka 2020, dakika 26 na sekunde 11. Lakini katika kasi ile kila mguu hukaa ardhini chini ya sehemu moja ya tano ya sekunde, na huo ni ufundi wa neva sawa na wa mapafu. Mtazame pia Peruth Chemutai, mwanamke wetu wa kwanza kuleta dhahabu ya Olimpiki, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye michezo ya Tokyo. Mbio zile zina viunzi 28 na maji mara saba. Miruko 35, na kila mruko una kutua kwake, mingi kwa mguu mmoja, mtu akiwa anazidi kuchoka.

Kwa mkimbiaji wa shule, siku mbili kwa wiki zinatosha: kutua kwa mguu mmoja, visigino, mruko wa vifundo, na mbio sita za mita 60 kwa kasi nzuri zenye mapumziko marefu. Zichukue nafasi ya kilomita kadhaa, usiziongeze juu ya zilizopo.

Mambo ya kusimamisha zoezi

Maumivu ya misuli pande zote mbili siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu ya kiungo, au ya upande mmoja tu, si ya kawaida. Mtoto wa miaka 11 hadi 15 mwenye uvimbe mgumu na maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti apunguziwe kuruka mpaka yatulie, huku mizani na nguvu nyepesi zikiendelea.

Goti likitoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache, usilikande, usilipeleke kwa mtu wa kuvuta viungo, wala usimruhusu ajaribu kukimbia "kuona kama limepoa". Barafu au kitambaa cha maji baridi, mguu juu, kisha hospitali. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa yule msichana wangu alikandwa kwa maji ya moto usiku ule, na mimi niliyekuwa na wajibu wa kuzuia sikuzuia. Goti huweza kupungua uvimbe baada ya wiki mbili na kuonekana zima, huku ligamenti imekatika. Na aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti hiyo asirudi kwenye mashindano kabla ya miezi tisa, hata kama mashindano ya mkoa yanakaribia na mzazi, kocha na yeye mwenyewe wanataka.

Kupima tena, na siku ya mechi

Baada ya wiki nane fungua daftari lilelile, rudia vipimo vyote kwenye ukuta uleule na benchi lilelile. Usishangae kama urefu wa kuruka umeongezeka kwa sentimita chache tu. Tazama kwanza tofauti ya miguu, kisha uweke video ya mwanzo na ya sasa mbele ya mchezaji mwenyewe. Hapo hutahitaji kumhubiria. Muhula unaofuata endelea na mara mbili kwa wiki, kwa kuwa neva zikiachwa husahau. Likizo ya Desemba huwa inafuta nusu ya kazi, kwa hiyo kila mmoja anaondoka na mazoezi matano yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Siku ya mechi usifanye mazoezi ya nguvu, na lile la kuanguka mbele kwa magoti usiliguse kabisa. Kukimbia taratibu, kusukumana mabega wakiruka, miruko mitano ya kutua na kuganda, kugeuka mara nne kwa kasi, mbio mbili za mita 30. Dakika kumi. Kisha wape maji, waite wakuzunguke, na mtazame kila mmoja anavyosimama.